Soda ya kioo au ya plastiki? Anza kuhesabu kreti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Moshi, upande wa mazingira. Nataka kujua ni ipi yenye madhara machache: soda ya chupa ya kioo inayorudi kiwandani kujazwa tena, au soda ya chupa ya plastiki ambayo waokota makopo wanaikusanya ikarejelezwe. Msimamizi wangu ameniambia nifanye tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani kuhesabu madhara yake tangu malighafi hadi taka. Programu ninayo, ila takwimu zilizomo ni za Ulaya, na kila ninachosoma kinanipa jibu lake: huyu anasema kioo, yule plastiki. Tena kuna kikundi cha kina mama wanaokusanya chupa, wanataka niwaandikie wameokoa hewa ukaa kiasi gani ili wapeleke kwa mfadhili. Nina miezi minne. Nianzie wapi? — Binti wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, binti. Programu iache kwanza. Ukiifungua leo itakupa jibu safi kabisa la watu wa Ujerumani. Mwezi huu kazi yako ni kreti, mizani na daftari.

Ila kabla hujatoka nyumbani, shika jambo moja, maana ndilo litakalokubeba utafiti mzima. Kurejeleza kitu, peke yake, hakupunguzi madhara yoyote. Kuosha chupa ya kioo kunakula maji, moto na kostiki soda, ile kemikali kali ya kuoshea. Kusaga plastiki na kuiyeyusha kunakula umeme, na lori la kuipeleka Dar es Salaam linakula dizeli. Hayo yote ni madhara. Faida inapatikana pale tu ambapo, kwa sababu ya chupa iliyorudi au plastiki iliyosagwa, kuna kitu kipya ambacho hakikutengenezwa. Basi kila utakapoandika neno faida kwenye tasnifu yako, jiulize: ni kitu gani hakikutengenezwa, kiasi gani, na nimejuaje? Hao unaowasoma wakipishana si lazima mmoja wao awe mwongo. Mmoja amepima chupa inayozunguka mara 40 ndani ya mji mmoja, mwenzake amepima inayozunguka mara 5 na kusafiri nusu ya nchi.

Na swali lako lina ukoo mzuri. Mwaka 1969 kampuni ya Coca-Cola kule Marekani iliipa Midwest Research Institute kazi ya kulinganisha vyombo vya kuwekea vinywaji, na utafiti huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa mizizi ya fani unayoisomea. Mwaka 1974 taasisi hiyo hiyo iliiandikia mamlaka ya mazingira ya Marekani ripoti ya kulinganisha aina 9 za vyombo hivyo. Leo utaratibu wake umewekwa kwenye viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na ISO 14044 vya mwaka 2006. Hivyo viwili visome mwenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu.

Tuanze na kile unacholinganisha. Usilinganishe chupa kwa chupa. Ya kioo ina mililita 300 au 350, ya plastiki mara nyingi nusu lita, na kopo halinywewi, inanywewa soda. Andika hivi: lita 1,000 za soda zilizomfikia mnywaji ndani ya Manispaa ya Moshi. Kila gramu ya kioo, kila tone la dizeli na kila ndoo ya maji ya kuoshea utaigawa kwa lita hizo. Ukikosea hapa, huko mbele kote utakuwa unalinganisha vitu viwili visivyofanya kazi moja.

Sasa tazama kwa nini kreti ndiyo inayoamua. Hizi nitakazotumia ni namba za mfano, zako utazipima mwenyewe. Chukua chupa ya kioo ya mililita 300 yenye uzito wa gramu 300. Lita moja ya soda inahitaji kilo moja ya kioo. Kutengeneza kilo moja ya kioo cha chupa kunatoa takribani kilo moja ya hewa ukaa, kwa sababu tanuri linafika nyuzi 1,500 hivi na malighafi zenyewe, chokaa na magadi, zinatoa hewa ukaa zikiungua. Upande wa plastiki, chupa mbili za nusu lita zenye gramu 20 kila moja ni gramu 40 kwa lita. Kilo ya plastiki hii mpya inatoa kama kilo 2 hadi 3 za hewa ukaa, tuseme 2.5. Kwa hiyo plastiki ni gramu 100 za hewa ukaa kwa lita, na kioo kikitumika mara moja tu ni gramu 1,000. Hapo kioo kimeshindwa vibaya. Kikizunguka mara 10 kinakuwa gramu 100, sare. Kikizunguka mara 20 ni gramu 50, nusu ya plastiki.

Umeona? Hakuna ubishi wa kioo na plastiki hapo. Kuna ubishi wa mara ngapi.

Na hiyo mara ngapi inatokana na upotevu. Kama katika kila mzunguko chupa 5 kati ya 100 hazirudi, kwa wastani kila chupa inatumika mara 20. Zikipotea 10, ni mara 10. Zikipotea 2, ni mara 50. Tofauti ya chupa 5 na chupa 10 zinazopotea katika kila 100 inatosha kugeuza hitimisho lako lote, na tofauti hiyo haimo kwenye hifadhidata yoyote ya Ulaya. Iko kwenye maduka, baa na magenge ya Majengo, Pasua na Soweto, na kwenye bohari ya msambazaji.

Kwa hiyo chagua maduka machache na baa moja au mbili, uwaombe wakuruhusu uhesabu. Utaratibu wetu wa kuja na chupa tupu au kuacha hela ya chupa ni hazina kwa mtafiti, kwa sababu tayari kuna mtu anayehesabu. Mangi anajua chupa ngapi anadai na ngapi zimevunjikia kwenye kreti, maana zikipungua analipa yeye. Mwombe daftari lake, kisha hesabu mwenyewe siku lori la soda linapokuja: kreti zilizoshuka, kreti tupu zilizopanda, matundu yaliyo wazi kwenye kila kreti yenye nafasi 24. Halafu tenganisha aina za upotevu. Kuna chupa iliyovunjikia dukani. Kuna iliyokataliwa kiwandani kwa sababu mdomo umemeguka. Kuna iliyobaki nyumbani kwa mtu, imewekwa mafuta ya taa au asali. Hiyo ya mwisho haijafa, imehama kazi, na kama imemfanya mwenye asali asinunue chombo kingine, nayo ina faida yake ndogo. Iandike kando, usiichanganye na zilizovunjika.

Chupa yenyewe pia inazungumza. Iinamishe kwenye mwanga utazame begani na karibu na kitako, pale inapogusana na wenzake kwenye mkanda wa kiwandani. Chupa mpya inang'aa pote. Iliyozunguka sana ina mkanda mweupe wa mikwaruzo, ukipitisha kidole unausikia kama msasa laini. Chupa nyingi zina alama za mtengenezaji huko chini, na baadhi zina tarakimu mbili za mwaka wa kutengenezwa. Zinapokuwepo, chukua sampuli ya kreti kadhaa uandike miaka yake. Utapata picha ya umri wa chupa zilizoko sokoni, na ukijua zinarudi kiwandani kila baada ya muda gani, unaweza kukagua kama hesabu yako ya upotevu inaingia akilini. Njia hizi mbili zikipishana sana, usichague iliyokupendeza. Tafuta kwa nini.

Kuna mtego mmoja ambao nimeona wanafunzi wazuri wakinaswa nao. Kiwanda kikikupa idadi ya chupa mpya zilizonunuliwa mwaka jana, usiigawe moja kwa moja kwa soda zilizojazwa ukasema huo ndio upotevu. Biashara ikikua, chupa mpya zinanunuliwa ili kuongeza soko, si kufidia zilizovunjika. Toa kwanza ongezeko hilo. Na kama kuna aina ya chupa iliyoondolewa sokoni mwaka huo kwa sababu umbo limebadilishwa, nayo itenge.

Usafiri unafuata, nao kwa kioo ni mzito kwelikweli. Kwa chupa zetu za mfano, kreti moja inabeba lita 7.2 za soda ndani ya kilo 7.2 za kioo, yaani nusu ya mzigo ni chombo, bila kuhesabu kreti yenyewe. Bahati yako ni kwamba Moshi ina kiwanda cha soda hapo hapo mjini, kwa hiyo njia ni fupi. Lakini jaribu kuirefusha. Lori la tani 10 linalotumia lita 30 kwa kilomita 100 linatoa takribani gramu 80 za hewa ukaa kwa kila tani kwa kila kilomita, ukichukua kilo 2.7 kwa lita ya dizeli. Kilo moja ya kioo kwenda Arusha, kilomita 80, na kurudi, inaongeza kama gramu 13 kwa kila lita ya soda. Ukiipeleka mpaka Karatu, kilomita 220 hivi, ni gramu 35 au 36. Sasa rudi kwenye zile gramu 50 ambazo kioo kilikuwa kimeokoa kilipozunguka mara 20, utaona zinavyoliwa na barabara. Tena huko mbali ndiko chupa hupotea zaidi. Kwa hiyo usiishie kusema kioo ni bora au si bora. Tafuta ni umbali gani na upotevu gani ambapo plastiki inaanza kushinda, uuchore huo mstari. Mchoro huo mmoja utamsaidia mpanga biashara kuliko kurasa mia.

Madereva ndio watakaokwambia dizeli halisi. Waheshimu, waulize wakiwa wamepumzika, na usiulize wakati bosi amesimama pembeni. Kiwandani omba vitu vitatu: maji kwa kila kreti inayooshwa, kostiki soda, na nishati inayochemsha maji ya kuoshea. Wakikataa, na huenda wakakataa, tumia kiwango cha chini na cha juu kutoka tafiti zilizochapishwa uoneshe jibu linasogea kiasi gani.

Umeniuliza takwimu za Ulaya. Si zote za kutupa. Kioo kinayeyuka kwa joto lile lile Dar es Salaam na Ujerumani, na chembechembe za plastiki mpya tunaziagiza nje, kwa hiyo takwimu za huko zinakaribia ukweli wake. Unachopaswa kubadilisha ni umeme, usafiri, upotevu, na mwisho wa taka. Umeme hasa. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Hifadhidata iliyotengenezwa kabla ya hapo inakupa gridi ya Tanzania inayotegemea gesi kuliko ilivyo sasa, na itaionea kazi yoyote inayotumia umeme, ikiwemo kusaga makopo.

Tuje kwenye plastiki, na hapa nikusihi ufuate mzigo. Usikubali kuambiwa tu kwamba zinarejelezwa. Pima salfeti inapofika kwa mnunuzi, kisha ifungueni pamoja mkaone kilichomo. Kuna soda iliyobaki, kuna mchanga, kuna lebo, kuna vifuniko. Vifuniko si plastiki ile ile ya chupa. Ukisaga na kutumbukiza kwenye pipa la maji, vipande vya chupa vinazama na vya vifuniko vinaelea, na huo ndio mchujo ambao wachakataji wanautumia. Pima kila kundi likiwa kavu. Utakachobaki nacho kiko chini ya uzito uliolipiwa mzani wa kwanza, na hicho ndicho chenye haki ya kuingia kwenye hesabu ya faida.

Halafu muulize mnunuzi wa mwisho swali moja: usingepata plastiki hii, ungenunua nini? Akisema angeagiza plastiki mpya, kilo kwa kilo, umepata kitu. Akisema asingetengeneza kabisa hiyo bidhaa, basi plastiki yako haijazuia kitu. Imeongeza bidhaa sokoni. Watafiti Trevor Zink na Roland Geyer waliliandikia jambo hili mwaka 2017, wakionesha kwamba uchumi mzunguko, yaani ule wa kutumia tena na kurejeleza, unaweza kuongeza uzalishaji badala ya kuupunguza pale bidhaa ya pili isipochukua nafasi ya ya kwanza. Hata mitumba ya soko la Memorial ina swali hilo hilo: mama aliyenunua shati la mtumba angenunua jipya, au angevaa la zamani mwaka mwingine? Lakini hiyo ni tasnifu ya mtu mwingine, usiiingilie.

Uliza pia chupa isingeokotwa ingeishia wapi. Ikifika dampo la Kaloleni ikafukiwa, plastiki hii haiozi na haitoi hewa ukaa ya kuhesabika kwa miaka mingi. Ikichomwa nyuma ya nyumba, kilo moja inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, pamoja na moshi ambao watoto wa jirani ndio wanaouvuta. Ni tofauti kubwa mno kuibahatisha. Tembea mitaa kadhaa, uliza kaya zinafanya nini na taka, angalia majivu mwenyewe.

Kina mama sasa. Naomba hapa unisikilize vizuri, kwa sababu karatasi utakayowaandikia itasimama mbele ya watu kwa jina lao. Njia rahisi ni kuchukua kilo 1,000 walizokusanya, kuzidisha kwa 2.5, na kutangaza kilo 2,500 za hewa ukaa. Tuseme robo ya uzito ni vifuniko, maji na uchafu: zimebaki 750. Tuseme nusu tu ya hizo ndizo zilizochukua nafasi ya plastiki mpya: 375. Zidisha, unapata kama kilo 940, na bado hujatoa umeme wa kusaga wala dizeli ya kwenda Dar es Salaam. Waandikie kwa kiwango cha chini na cha juu, ukieleza kila dhana. Na angalia faida hiyo hiyo isihesabiwe mara mbili: kiwanda kinachotumia plastiki iliyorejelezwa kikijihesabia yote, kina mama hawawezi kujihesabia yote tena. Mfadhili makini ataiheshimu namba ndogo yenye maelezo, na mwakani akirudi kukagua hawatapata fedheha. Kisha waandikie yale wanayoyafanya ambayo programu haiyaoni: mitaro mingapi haikuziba mvua za masika zilipoanza, na kila mmoja aliingiza nyumbani shilingi ngapi. Wanastahili kuandikiwa hayo kwa namba, si kwa sifa.

Mitaro hiyo inanigusa, maana tathmini ya mzunguko wa maisha bado ni dhaifu sana kwenye taka zinazozagaa. Kinachotupwa Moshi kinashuka na mto Karanga au Rau kwenda bonde la Pangani, na cha Arusha kinashuka na mto Themi kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Geyer na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi 2015, ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa. Asilimia 79 zilibaki madampo au zimezagaa. Kwa hiyo weka sura fupi ya kuhesabu chupa zilizozagaa kwenye urefu fulani wa mtaro, kioo kwa plastiki. Usijaribu kuzigeuza kuwa hewa ukaa.

Usikubali pia namba moja ikameza zote. Serikali ya Denmark ilichapisha mwaka 2018 utafiti wa mifuko ya kubebea bidhaa. Mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52 ili ulingane na wa plastiki kwa mabadiliko ya tabianchi, lakini mara 7,100 ukiangalia vigezo vyote, na kilichoipandisha namba hiyo ni kigezo kimoja, kuharibika kwa tabaka la ozoni. Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na watu bado wananirushia hiyo 7,100 kama ushahidi kwamba tulikosea, ilhali haikupima taka mtaroni hata kidogo. Wewe toa tabianchi, maji na taka zilizozagaa kila moja kwa safu yake.

Miezi minne inatosha usipotanuka. Wiki hii peleka barua ya chuo kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kisha kwa watendaji wa kata utakazopita, maana kibali kikichelewa ndicho kitakula muda wako. Mwezi wa kwanza na wa pili ni maduka, bohari na salfeti. Wa tatu ni programu, wa nne ni kujaribu jibu lako kwa kubadilisha upotevu, umbali na umeme. Na fahamu kwamba ISO 14044 inadai jopo la wakaguzi wa nje kabla ya kutangaza hadharani kwamba bidhaa hii ni bora kuliko ile, kwa hiyo tasnifu ni halali yako, bango la matangazo si halali ya mtu bado.

Ukimaliza wiki mbili za kwanza za kreti, nitumie jedwali: tarehe, duka, zilizoshuka, zilizopanda, zilizovunjika, zisizojulikana zilipo. Hiyo safu ya mwisho ndiyo nitakayoisoma kwanza.